Mgombea Namba Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Meneja mpya ameita kikao. Kijana huyu namwita Bwana Maono — kimoyomoyo tu, mshahara bado nautaka. Leo amesema "maono" mpaka Mama Pasi, mkuu wa wapiga pasi na mkuu wa habari zote kiwandani, akaanza kuhesabu kwa vidole, vikamwishia. Kiwanda kinahitaji maono. Mashuka yanahitaji maono. Idara ya ufuaji, yaani mimi, inahitaji "sura mpya".

Nikajishika shavu. Hii ndiyo sura niliyozaliwa nayo, na zaidi ya nusu ya umri wake nimeifukizia mvuke humu humu ndani. Mpya naitoa wapi?

Baada ya kikao Mama Pasi kaninong'oneza. Amemsikia kwenye simu: nafasi yangu inatafutiwa mtu. Kimyakimya, kupitia wakala wa ajira.

Nimecheka. Halafu nimekwenda chooni nikakaa kidogo. Umri huu wa miwani mfukoni na magoti yanayopiga kelele — nani wa kuniajiri?


Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia mke wangu. Hakupiga kelele. Alizima jiko, akamwita mdogo wake.

Shemeji anakaa kwetu tangu alipohamishiwa kazi mjini huku. Yuko ofisi ya bima, na mtandao anaujua kama mimi ninavyoyajua madoa. Kaniuliza: shemeji, una wasifu kwenye ule mtandao wa watu wa kazi? Ninao! Nilifungua zamani, walipotulazimisha kwenye semina.

Tukautafuta. Wakaja watu tele wenye jina kama langu: mhandisi, daktari wa meno, mchungaji. Mimi simo. Mwishowe nikaibuka chini kabisa, kivuli cha kijivu mahali pa picha, na neno moja: "Dobi". Marafiki wawili. Mmoja wao ni mimi mwenyewe, akaunti ya kwanza niliyosahau neno lake la siri.

"Shemeji," kasema, "wewe hujapotea. Wewe hujazaliwa."

Mke wangu, kutoka jikoni: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Haya, mtembezeni."

Ahsante, mama watoto.


Alhamisi, 6 Machi

Picha leo. Shati jeupe, nimelinyoosha mwenyewe — hapo hakuna wa kunifundisha. Tai ya kuazima kwa jirani, wakili. Chini bukta, maana shemeji kasema kamera haishuki huko. Kaa. Simama. Tabasamu. Siyo hivyo, hivyo unafanana na mtu anayeomba mkopo! Mke wangu kapita na beseni, kaniangalia juu, kaniangalia chini, kauliza mazishi ni lini.

Lakini imetoka nzuri. Nimeitazama mpaka nikamwonea wivu yule bwana.


Jumapili, 9 Machi

Siku ya maneno. Shemeji anasema hakuna tajiri anayeketi akaandika "dobi" pale pa kutafutia. Wanaandika maneno marefu marefu, na wasifu usipokuwa nayo hauonekani, kama duka lisilo na kibao. Basi tukachora kibao.

Mimi: nafua mashuka ya hospitali na hoteli.

Yeye: "Msimamizi wa Ufuaji wa Viwandani, Mtaalamu wa Usafi wa Vitambaa na Udhibiti wa Maambukizi."

Nikalisoma, nikageuka nyuma kuona nani kaingia.

Mimi: kila koti la daktari nalipekua mifuko kabla halijaingia mashineni, kwa sababu kalamu moja ya wino inatosha kuchafua nguo za wodi nzima.

Yeye: "Ameanzisha mfumo wa kuzuia hasara."

Kweli tupu! Ila imevaa suti.

Kisha akadai asilimia. Za nini? Za chochote, shemeji, wanazipenda. Tukapiga hesabu ya mashuka yaliyokuwa yakipotea enzi zile na yanayopotea sasa. Yamepungua kwa asilimia arobaini! Miaka yote hii nina asilimia arobaini na bado natembea kwa miguu.

Jina la kiwanda tumeliacha, Bwana Maono asije akaninusa. Tumeandika "kampuni kubwa ya ufuaji". Sentensi ya mwisho nimeitunga mwenyewe, shemeji kagusa koma tu: "Mgonjwa hamjui dobi wake, lakini usiku kucha analala juu ya kazi yake."

Nimeipenda. Kesho namsomea Mama Pasi.


Jumatano, 12 Machi

Eti sasa wanatakiwa watu wa kuthibitisha ujuzi wangu. Nikawaomba ndugu. Kosa!

Kaka mkubwa kathibitisha kwamba mimi ni hodari wa "uongozi wa kimkakati". Kaka huyu huyu hajawahi kuniachia hata usukani wa baiskeli. Mama mkwe — nani kamfundisha mtandao? — kaandika pendekezo zima: "Ni mkwe mzuri, hana maneno mengi, anakula anachopewa."

Shemeji anataka tulifute. Mke wangu kakataa katakata. Kasema katika ukurasa wote ule ndilo pekee lisilohitaji ushahidi.

Limebaki.


Ijumaa, 14 Machi

Nimepatikana!

Nilikuwa katikati ya marobota ya taulo, simu ikaita. Dada mmoja, sauti laini kama pamba, kutoka wakala wa ajira. Ameniona mtandaoni. Mimi! Nikasimama wima kama askari mbele ya bendera, na hapakuwa na mtu. Ana mteja, jina hawezi kulitaja, anatafuta mkuu wa ufuaji. Naam, nikasema. Naam, naam. Akaanza kunisomea: wateja ni hospitali na hoteli. Zamu mbili. Mashine moja ya kunyoosha mashuka, ya zamani kidogo, ambayo wafanyakazi wanaiita — hapo akacheka — Bibi Harusi.

Bibi Harusi!

Jina hilo nimelitoa mimi. Haianzi kazi mpaka ibembelezwe, na ikianza sharti kila mtu asimame. Ilikuwa ikinguruma nyuma yangu wakati ule ule. Dada kauliza mbona kuna kelele. Nikasema mvua.

Kwa hiyo hii ndiyo kazi. Yangu. Nikakaa juu ya robota. Mdomo nao haukukaa. Nikauliza: kwani aliyepo ana kasoro gani? Nikasikia karatasi zikifunuliwa. Mtu mzima, kasema. Mpole, mcheshi, wafanyakazi wanampenda. Ila hana maono.

"Wewe ungemfanya nini mtu kama huyo?"

"Ningemwacha alipo, dada yangu. Hao siku hizi hawapatikani."

 Akasema nina moyo. Nikapewa namba: mgombea namba tatu. Mteja hapewi majina wala picha mpaka siku ya mahojiano, kusiwe na upendeleo.

Upendeleo! Laiti angejua.


Jumamosi, 15 Machi

Nimewasimulia mezani. Shemeji kaanguka kitini. Mke wangu kacheka mpaka machozi yakatoka, na machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha.

"Na ukiikosa?"

Shemeji kadakia kwamba mtu hawezi kuikosa kazi yake mwenyewe. Mke wangu kamwambia nyamaza wewe, wangapi wameikosa. Kisha tukakumbuka wote, bila mtu kusema, kwamba kitinda mimba wetu bado yuko chuoni.

Nikasema basi nijitoe. Nimpigie dada, niseme nimeghairi, nisubiri barua ya kufukuzwa kwa heshima zangu.

"Heshima gani ya mlango wa nyuma?" kasema. "Nenda. Kama wanataka kukutoa, wakutoe wakiwa wanakutazama usoni."

Huyu mwanamke angekuwa meneja, maono yasingetajwa hata mara moja.


Jumatatu, 17 Machi

Siamini ninayoyaandika.

Kikao tena. Bwana Maono kasimama na karatasi mkononi. Kasema anataka tusikie namna watu wenye upeo wanavyoizungumzia kazi hii. Maneno ya mtaalamu mmoja, kasema, hamjui na hatumjui. Akakohoa kidogo, akasoma:

"Mgonjwa hamjui dobi wake, lakini usiku kucha analala juu ya kazi yake."

 Akarudia, polepole zaidi. Akataka tupige makofi.

Nikapiga! Ningefanyaje? Mama Pasi kapiga kuliko wote, macho kanikazia mimi, mashavu yamejaa kicheko kama maputo. Wakati wa kutoka Bwana Maono kanishika bega. "Mzee wangu, watu kama hawa ndio wa kuwaiga." Nikamwambia nitajitahidi, bosi.

Mchana nilitembea kifua mbele. Mtaalamu mwenye upeo! Mgema akisifiwa tembo hulitia maji — na maji yenyewe yalikuwa ya buluu. Koti moja la daktari, kalamu ya wino mfukoni, lilinipita bila kupekuliwa. Mimi! Mimi wa mfumo wa kuzuia hasara! Na kwa kuwa siku mbaya haiji peke yake, koti lenyewe lilikuwa limejificha ndani ya mzigo wa hoteli. Saa tisa tulikuwa na taulo za rangi ya anga.

Bwana Maono kaja kutazama. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma. Kashika taulo moja kwa ncha za vidole, kasema, "Unaona sasa, mzee?"

Niliona.


Jumatano, 19 Machi

Nilikesha — hapana, kusema kweli nililala, mke wangu ndiye aliyekesha. Asubuhi kaniambia ameota taulo.

Taulo zenyewe zimerudi. Jana na leo tumeziloweka, Mama Pasi na mimi, dawa kidogo kidogo, maji ya vuguvugu, suuza, rudia. Kwa weupe wake huwezi kujua kama ziliwahi kuingia wino. Bwana Maono nimempelekea moja mezani kwake. Kainusa, kaigeuza, kauliza nimenunua mpya? Nikasema hapana, ndiyo ile ile.  Hakunirudishia.

Dada Sauti Laini kapiga. Mahojiano ni kesho saa nne, kwa video. Nijiandae kwa maswali ya maono. Kasema mteja ananisubiri kwa hamu, na kati ya wote, namba tatu ndiye aliyemgusa.

Saa nne ni saa ya kazi. Nitajifungia stoo ya taulo. Mama Pasi atalinda mlango. Nikitokea kwenye skrini, ndipo Bwana Maono atakapojua. Baada ya hapo sijui. Shemeji naye hajui, na yeye hujua kila kitu.


Alhamisi, 20 Machi

Saa nne kasorobo. Stoo. Tai ya jirani shingoni, simu juu ya robota, suruali leo nimevaa. Naandika ili mikono iwe na kazi. Kwenye simu imeandikwa nisubiri, mwenyeji ataniruhusu kuingia. Mwenyeji yuko ghorofani, juu ya kichwa changu. Nasikia kiti chake kikikwaruza sakafu.

Viatu. Anashuka? Mama Pasi anakohoa huko nje kama mtu aliyepaliwa na


Saa nne na dakika zake. Nitaandika haraka.

Alifungua mlango mwenyewe. "Mzee! Nakutafuta kiwanda kizima. Mbona tai?" Nikasema nina shughuli jioni. Hakusikia hata jibu. Kasema nipande naye mara moja: ana mtu wa kumhoji, mtu mzito, na yeye mambo ya mvuke na dawa hayajui sana — kakiri hivyo, kwa mdomo wake! Nikae pembeni, nisikilize, nimwambie baadaye kama bwana huyo ni fundi kweli au ni maneno tu. "Na uandike kila kitu, mzee." Nilikuwa na daftari hili mkononi. Naandika kila kitu.

Kwa hiyo niko ofisini kwake, kiti cha pembeni. Skrini kubwa ukutani, mraba mmoja mtupu mweusi, chini yake: Namba Tatu. Simu inatetemeka mfukoni. Nimeikalia.

Bwana Maono anarekebisha kola. Anaogopa! Sikujua kwamba anaogopa. Ananinong'oneza: watu wa upeo huwa wanachelewa. Taulo yangu iko mezani, chini ya kikombe chake.

Nimefungua mdomo nimwambie. Kasema, "Subiri, mzee, wanaingia."

Dada Sauti Laini huyo kwenye skrini. Miwani, uso wa mviringo, mdogo kuliko sauti yake. Ametusalimu. Anatutazama, mmoja, wa pili. Anatabasamu. Anasema vizuri sana, kumbe mmeshaketi pamoja, hata mimi hamkunihitaji.

Bwana Maono: pamoja na nani?

Namba tatu, anasema dada. Huyo mwenye tai.

Bwana Maono amegeuka upande wa dirisha. Hakuna mtu. Amegeuka upande wangu. Mimi naandika. Anatazama karatasi yake, ile sentensi ameipigia mistari miwili. Ananitazama. Amesema "Mzee", akanyamaza. Amesema "Bwana" — hajawahi kuniita Bwana — akanyamaza tena. Dada anauliza kama mtandao umekwama.

Naandika tu. Nikiacha itabidi nimtazame.

Ameinuka. Anakwenda mlangoni. Mama Pasi na wapiga pasi wote wako pale koridoni, wanajifanya wanakunja shuka. Amesimama na kitasa mkononi. Hajasema nitoke. Anaufunga, na mimi niko ndani.