Aliyesimama Mahali pa Mpira

Bongwe,
12 Agosti 1998

Kwako somo yangu mpenzi uliyenifunda, Bi Twaiba,

Shikamoo. Sisi hatujambo, alhamdulillahi, na mapazia uliyotutunza harusini yamependeza hata mama mkwe huja kuyatazama.

Somo, juzi nusura nirudi kwetu! Alfani wangu amepata kazi ya kuigiza tangazo la manukato, hoteli moja ya Diani. Basi Rael, anayefagia huko, akanijia mbio. "Mwanatumu, mumeo yuko ukumbini, anamwambia mtu 'nakupenda' tangu asubuhi!" Niliacha kukanda maandazi, nikajitupia buibui, nikaenda.

Nikakuta nini? Kitambaa cha kijani ukuta mzima, na Alfani anabembeleza mpira mdogo uliochomekwa kwenye fimbo! Mwanamke ataongezwa baadaye kwa mashine huko Ulaya, na penye kijani watatia mji wa theluji. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Lakini mwongozaji, Bwana Maxwell, alikuwa amekasirika. "Mbona macho yamelala? Nitatafuta mwingine!"

"Ni mpira, bwana," Alfani akasema. "Nitaupendaje?"

Bwana Maxwell akasikia kicheko changu, akauliza mimi ni nani. Akaung'oa ule mpira, akanisimamisha mahali pake. Wallahi somo, Alfani aliniangalia kama siku ile aliponifunua ushungi. Wakapiga picha mara moja tu, kisha wote wakapiga makofi.

Tangazo likitoka, utaona anamtazama Mzungu aliyepambwa. Usiamini. Pale palisimama Mwanatumu wako, na unga wa maandazi mikononi.

Mwanao aliyetulia moyo,
Mwanatumu