Nyavu Uwanjani kwa Direktere

Nzilo, 3 Februari 2024

Mama mpenzi,

Salamu nyingi toka huku ziwani. Sisi wazima, mvua tu ndiyo inatutesa. Goti lako linaendeleaje? Usiniambie "salama" tu, ninakujua.

Anayekuletea barua hii ndani ya lori la tata Feruzi ni Ntambwe, mvuvi mwenzetu. Mpokee, mama. Ziwa limefungwa hadi mwisho wa mwezi ili samaki wazae, na kila mwaka wakati huu tunashona nyavu za kampuni nyumbani. Ndoano yenye kutu iliyokwama wavuni ilimchoma kiganja, sasa mkono umevimba hadi kwenye kiwiko. Kampuni inakataa kumtibu: eti ziwa likifungwa sisi si wafanyakazi wake, tutakuwa tena likifunguliwa. Nyavu wanazitaka, mshonaji hawamjui!

Halafu, wenzangu wamenichagua delege wa sendika, niwasemee wafanyakazi mbele ya kampuni. Usikasirike.

Binti yako, Joyeuse

Kolwezi, 8 Februari

Joyeuse mwanangu,

Goti linauma, kwa kuwa umetaka ukweli. Watoto hawajambo?

Mgonjwa wako alifika. Nilipouona ule mkono nilikaa chini. Hospitalini wanamdunga sindano, lakini bila karatasi ya kampuni ya kukubali kulipa hawataki kumpasua. Ninampikia bukari na kumlisha, na wagonjwa wananiuliza: "Mama, ule ni mutoto yako?" Mtu ambaye hata kwao sikujui!

Ila hayo ya udelege, nimekasirika sana. Marehemu baba yako alikuwa delege kule mgodini. Siku ya kupunguza watu alitolewa wa kwanza, na hukumbuki tulivyoteseka, ulikuwa mdogo. Wewe una watoto. Waachie wengine kelele hizo.

Mama yako, Kabedi

Nzilo, 19 Februari

Mama,

Jambo, na pole sana kwa kazi ya hospitali.

Tulienda kwa direktere wa kampuni, bwana Tshiamala. Alitupokea vizuri, akatupa hata viti, kisha akasema: "Ziwa ikifungwa, mi sina batumikaji." Tulipotoka niliwaambia wenzangu: kama si kazi, basi tusiifanye. Kesho yake kila nyumba ilibeba wavu wake, tukazimwaga nyavu zote uwanjani kwake. Kilima kizima, mama! Gari lake lilikosa pa kutokea. Siku hiyo tulicheka.

Sasa hatucheki. Wiki imepita, naye anapeleka maneno nyumba kwa nyumba: atakayechukua wavu wake kwanza atapewa mtumbwi wenye moteri. Wawili wamekwisha kuja kuniomba ruhusa. Ninaogopa, mama. Ulisema kweli. Jumamosi nitawaambia wote wachukue nyavu, warudi kushona.

Binti yako, Joyeuse

Kolwezi, 22 Februari

Joyeuse,

Salamu utazipata siku nyingine, Feruzi anapiga honi.

Jana daktari alisema hawezi kungojea karatasi tena. Amemkata Ntambwe vidole viwili ili kuokoa mkono, na bado kuna upasuaji mwingine mbele. Kabla hawajamwingiza alinishika kitenge, akaniuliza: "Mama, direktere aliitika?" Nikamjibu: "Aliitika, mutoto yangu. Uko mutumikaji yabo." Akatulia, akaingia.

Nimesema uongo mbele ya masista wawili, mimi mama wa kanisa. Sasa usinitie aibu. Nyavu zibaki pale pale. Hao wawili wanaotaka moteri, wasomee barua hii. Na wakikufukuza, njoo na watoto, tutakula kitakachopatikana.

Mama yako

Nzilo, 27 Februari

Mama yangu,

Niliwasomea. Mmoja alilia, na wote wawili wakaenda kukaa juu ya nyavu zao kama kuku anayeatamia, kusudi mtu asiziguse.

Leo asubuhi, ziwa likiwa karibu kufunguliwa na hakuna wavu hata mmoja ulio mzima, direktere aliwaita madelege. Ametia sahihi: siku za kushona ni siku za kazi, na mgonjwa ni wa kampuni. Karatasi ya Ntambwe anayo Feruzi, ipeleke kwa daktari mbio. Mimi amenihamishia kwenye kuosha mapipa, niujue urefu wa ulimi wangu. Nimeosha nikiimba.

Ntambwe usimwambie kitu, mama. Yeye alijua kabla yetu sote.

Binti yako, Joyeuse