Kuku wa Phelista

Jumanne, 2 Septemba 2025

Kuku amelalia! Mayai kumi na moja, kwenye karai kuukuu chini ya meza ya jikoni. Ataangua tarehe ishirini na tatu, Mungu akipenda.

Huyu ni wa pili. Wa kwanza, jirani yangu Phelista alinipa nilipohamia hapa Naitiri miaka miwili iliyopita. Krismasi nikamla. Januari akaja kuuliza, "Daktari, kuku yetu ako wapi?" Kumbe hapa mgeni hupewa kuku wa kufuga, na kifaranga cha kwanza humrudia aliyempa. Daktari mzima wa mifugo! Soko zima lilicheka. Mwaka huu akanipa mwingine, na onyo juu.

Jumatano, 10 Septemba

Nimepata kazi Nairobi. Ile kampuni ya chakula cha mifugo niliyoiandikia mwaka jana nikiwa nimechoshwa na matope. Ofisi, gari, kila kitu. Nijibu kabla ya Ijumaa tarehe kumi na tisa, saa kumi na moja jioni. Niripoti Jumatatu, ishirini na mbili.

Siku moja kabla ya vifaranga – eti nahesabu siku za kuku! Mtu na digrii yake.

Jumapili, 14 Septemba

Kitale, kwa Mama. Ameshatangazia kanisa lote. Ati Nyaruai wake anaenda Nairobi!

Nikamwambia Naitiri natembea dakika kumi nafika kazini, na maziwa ninayokunywa ng'ombe wake namjua kwa jina. Akasema hata Nairobi maziwa yako, tena kwa pakiti. Nikamuuliza mbona basi yeye na Baba hawakurudi kwao Nyeri. Akaniongezea mukimo, viazi na mahindi ya kupondwa.

Jumanne, 16 Septemba

Kamukuywa, kwa Mzee Khisa. Ndama alitanguliza miguu ya nyuma. Saa mbili nzima tunavuta, mikono imekufa ganzi. Akatoka, akasimama! Mzee akampa jina langu papo hapo, halafu akaniuliza kama ni kweli nahama. Nani amemwambia? Nikasema bado sijajua.

Nimerudi kwa boda nikiimba, nguo zote damu. Nina furaha hapa. Basi, nimeiandika.

Ijumaa, 19 Septemba

Asubuhi nimemulika mayai kwa tochi ya simu. Tisa yana uhai. Moja lilitikisika, nikacheka peke yangu.

Saa kumi Phelista amebisha na kikapu kipya chenye kifuniko. Nikadhani ni mahindi. Kumbe kitupu.

"Nasikia unaenda. Beba yeye na mayai yake. Kifaranga utaniletea, lakini na mkono yako. Si ya kondakta."

Hakuna lawama hata kidogo. Afadhali angenilaumu!

Nikamweleza kuwa kuku anayelalia hahamishwi, atayasusa mayai. Akasema, "Si wewe ndio daktari? Mimi nimeleta kikapu tu."

Sasa ni saa kumi na moja kasoro kumi. Kwenye simu nimeandika "Nakubali" mara mbili, nikafuta mara mbili. Phelista anapika chai jikoni kwangu, na hajauliza sukari iko wapi. Simu imebaki na chaji asilimia tatu. Waya wa chaji uko chumbani, na mimi bado nimekaa hapa.