Pete ya Shingo ya Akolong

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Dabaso wa skrapu ameniuzia fito ya kijivu, urefu wa mkono, kwa bei ya aluminiamu. Sumaku haikushika. Nyepesi. Nikasema sawa, ni aluminiamu ngumu, nitapata bangili nzuri za kuuzia wasafiri wa Marsabit. Hata sikubishana bei.

Nimekata kipande kidogo (msumeno umelia!) nikakitia chunguni pamoja na vifuniko vya sufuria. Vifuniko vikayeyuka vyote. Kipande kimekaa tu ndani ya uji, hakina habari. Nusu gunia la makaa limekwenda.

Mama amepita akitoka sokoni. Harusi ya Achuka ni tarehe ishirini na mbili, na pete ya shingo, alagama, naitengeneza mimi — mimi ndiye dada wa bwana harusi, na mimi ndiye fundi. Kwetu shaba ya njano ni ya mke wa kwanza. Ya chuma cheupe ni ya wa pili. Na ikishavaliwa haitoki mpaka mume afe.

Shida ni ngozi ya Akolong, bibi harusi. Wiki jana tulimjaribishia ya shaba, shingo yote ikatoka malengelenge. Mama anasema itazoea. Mwacha mila ni mtumwa, na kadhalika. Nikaendelea kuzoa majivu. Nilikuwa na hasira ya makaa.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeipitisha ile fito kwenye grainda. Cheche nyeupe! Aluminiamu haitoi cheche hata uisugue mpaka kesho. Halafu unga wake uliokusanyika chini ya meza ukashika moto, mwanga wa kuumiza macho. Nikaupiga teke la mchanga mara kadhaa mpaka ukafa. Kiatu kimoja kimeungua mbele. Sijui nimenunua nini.

Akolong alikuja jioni, amefunga leso shingoni. Akaifungua nikaona. Vidonda vimeanza kukauka lakini bado vyekundu. Anasema atavaa shaba hivyohivyo, atakuwa anapaka dawa. Kila siku? Kila siku. Mpaka lini? Akaifunga leso tena. Nilikasirika, sijui nimkasirikie nani. Ni msichana mzuri na ndugu yangu anampenda. Sitaki kuwa mimi ndiye wa kumvisha kidonda shingoni maisha yake yote.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimempelekea Hoda kipande. Anatengeneza meno ya bandia pale kliniki Wabera, na vyuma vya ajabu anavijua. Salaam aleikum hazijaisha, ameshakipima na kukirudisha mkononi mwangu. Titaniamu. Tupu, haijachanganywa na kitu. Ndiyo ileile ya skrubu wanazofungia watu meno kwenye mfupa wa taya.

Nikauliza kama inawasha. Akacheka. Anasema inajivika ngozi yake yenyewe, nyembamba huwezi kuiona, na ngozi hiyo haipitishi jasho wala chumvi. Mwili hauna ugomvi nayo. Maji ya bahari yenyewe hayaili. Nikaiwaza shingo ya Akolong.

Maonyo yake: unga wake ukiwaka usimwage maji, mchanga tu. (Bahati yangu!) Na usiipike nyekundu muda mrefu, inakunywa hewa halafu inakuwa ya kuvunjika. Kuna daraja nne, ya kwanza laini na ya nne ngumu. Hii anaona ni ya pili, ya kazi za kawaida.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimepiga simu Nairobi kuuliza bei. Nilidhani muuzaji amekosea sifuri. Kilo moja mpya ni zaidi ya mara thelathini ya ile niliyolipa! Nikamuuliza Hoda kwa nini, si mchanga wake ulikuwa unachimbwa Kwale huko? Anasema mchanga si ghali. Ghali ni kuitenganisha na hewa, maana lazima iyeyushwe mahali hewa haifiki. Kwa hiyo mchanga uliondoka kwa meli, ukarudi fito.

Dabaso naye amesikia, sijui kwa nani. Amekuja na sura ya msiba, kwamba alinipa kimakosa. Nikamwambia tafuta basi mnunuzi hapa Isiolo. Amezunguka mji mzima, hakuna anayeijua. Amerudi akaomba chai. Nimempa chai.

Alhamisi, 13 Novemba

Inakunjika kwa matusi. Unaikunja, inarudi. Unaipitisha pale ulipotaka, inarudi kidogo tena, ndipo inakaa. Upande mmoja una moto wa kuchemsha chai, upande mwingine naushika kwa mkono mtupu. Shaba haina tabia hizi.

Akolong analala na kipande cha titaniamu nilichompa shingoni tangu Jumapili, chini ya leso. Hakuna kitu. Ngozi safi kabisa. Nimefurahi mpaka nikamnunulia soda.

Jumapili, 16 Novemba

Pete imekamilika. Mviringo safi, nimeipiga msasa mpaka inameta. Baada ya kanisa nikawaita Achuka na Akolong. Achuka akaigeuzageuza, akasema Everline, hii ni kazi. Akolong hakuishika. Nilidhani hajapenda umbo lake.

"Ni nyeupe," akasema. "Watu wataniuliza mke wa kwanza ako wapi."

Mimi niliyekuwa nahesabu malengelenge sikuwaza hilo hata kidogo. Achuka akaanza kueleza kwamba siku hizi watu hawaangalii. Wanaangalia! Akolong alilia kidogo, akapangusa uso, akasema basi niendelee na ya shaba.

Jumatano, 19 Novemba

Nilikumbuka kile kipande cha kwanza kilitoka kwenye moto kimebadilika rangi. Jana nikajaribu vipande. Ukiipasha moto polepole inaingia njano, kisha zambarau, kisha buluu. Hakuna rangi iliyopakwa — ni ileile ngozi yake inanenepa.

Leo pete yenyewe. Mara ya kwanza niliishika kwa koleo juu ya moto, ikatoka madoa, huku njano, huku buluu ya nguo ya shule. Nikaisugua yote, nikaanza upya. Mara ya pili nikaifukia kwenye karai la mchanga juu ya makaa ili joto lienee sawa, nikawa naifukua kuangalia, nafukua, nafukua. Ilipofika njano nikaitoa mbio. Njano ya shaba mpya. Nilipiga kelele peke yangu kibandani.

Akolong ameivaa mbele ya kioo changu. Akageuza shingo huku na huku. Halafu akaniuliza kama mama anajua.

Hajui. Achuka anasema tumwambie baada ya harusi. Mimi nasema sijadanganya mtu, sijasema tu. Akolong ametuangalia sote wawili, akaivua pete akanirudishia.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimekuja kibandani mara moja. Naandika haraka, nimesimama.

Asubuhi mama alisema anataka kuishika pete kabla haijatoka mbele ya watu. Tulikuwa chumbani kwake, mimi na yeye peke yetu. Wanawake wanaimba nje, baba amekaa na wazee chini ya turubai. Mama akaiweka kiganjani. Akaipandisha na kuishusha. Pete ya shaba ina uzito, na yeye ameibeba yake tangu akiwa msichana.

"Hii si shaba."

Nikasema si shaba. Nikamweleza yote kwa haraka, meno ya Hoda, mchanga, rangi. Nilikuwa tayari kwa matusi. Akauliza kama Akolong anajua. Anajua. Achuka? Anajua. Akauliza kama inauma.

"Haiumi, mama. Amelala nayo."

Akakaa kitandani. Akaishika pete yake mwenyewe kwa vidole viwili, akaiinua juu, na chini yake ngozi ni nyeusi, imepasuka, mahali pengine mbichi. Nimemwona mama kila siku ya maisha yangu na sijawahi kuona hapo. Nilisikia vibaya sana. Bado nasikia vibaya.

"Mimi pia niliambiwa itazoea," akasema. "Ya huyo msichana iko sawa, mpelekee. Halafu ulete msumeno ukate hii."

Nikamwambia baba yuko hai. Yuko hapo nje, mzima, amevaa koti jipya. Wakiona shingo yako tupu leo, mbele ya wageni wote hawa, watasema ni nini? Akasema anajua baba yuko hai, yeye mwenyewe ndiye aliyempikia uji asubuhi.

Akolong nimempelekea yake. Msumeno huu hapa, nimebadilisha meno, haya mapya hayatetemeki. Itabidi niweke kitambaa kati ya chuma na ngozi, na itabidi mama asitikisike. Baba anaita huko nje, anauliza mama yenu ako wapi, wazee wanataka atoke wamwone.