Baba Anaita Kwenye Kompyuta Mpya

Chemchem, Tabora

Shikamoo Kaka Hamoudi,

Vifaa ulivyotuma kutoka Maskati vimefika, na kompyuta nimeiunganisha mwenyewe juu ya mkeka. Gemu hazikwami, ila feni zinavuma kama nyuki wa Sikonge.

Nimeanza kuhariri video ya harusi yangu. Humo marehemu Baba anaita, "Mama Hamoudi!" Kila nikiicheza, Mama anaitika "Abee!" na kutoka jikoni na mwiko mkononi. Nimeshindwa kuikata sauti ile. Ya mazikoni, kwamba hukuja, siyasemi.

Jana umeme ulikatika, kompyuta ikazimika. Baba akaita tena. Hakumwita Mama, alikuita wewe.

Mama akamjibu, "Yuko njiani."

Basi uwe njiani kweli, Kaka.

Mdogo wako,
Najiat