Choo cha Boti Nyumbani kwa Baba

Matungu,
Kakamega.
Jumapili, 20 Agosti 1978.

Kwa ndugu yangu mkubwa Were,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote tuliobaki katika boma hili la baba yetu. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu, na kwamba kile kikohozi ulichoondoka nacho baada ya mazishi kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Watoto wanaenda shule, mguu wa mke wangu Khalayi aliojikata kwa jembe umepona, na miwa imepita dirisha la nyumba ya Baba, hata ndani kuna giza saa nane mchana. Trekta za kiwanda cha sukari hazipumziki. Ukimwuliza mtu habari za nyumbani kwake siku hizi, atakujibu habari za miwa.

Shangazi Milcah alirudi kutoka Kisumu juzi. Ametuambia umeacha kazi ya karakana ya maboti, hutaki kushika spana tena, na hutakuja kwenye ibada ya kumbukumbu. Anasema ulimwambia kwamba mtu aliyemwua baba yake kwa pampu mbovu hana uso wa kusimama kwenye kaburi lake. Ndiyo sababu nimeketi kukuandikia. Nimeifungua shajara yangu hapa mezani nisije nikakosea tarehe.

Choo cha boti ulichotutumia kutoka karakana kilifika Jumamosi, tarehe 11 Februari, kimefungwa kwa magunia juu ya lori la mbao. Wakati huo Baba alikuwa ametoka hospitali ya Mukumu, upande wake wa kulia umekufa. Unakumbuka nilivyokueleza: tangu tupande miwa hadi mlangoni, choo cha shimo kilibaki huko mwisho wa shamba, nami nilikuwa nikimbeba mgongoni kama gunia la mahindi. Baba alipoliona lile bakuli jeupe na mkono wake wa pampu, aliuliza nahodha yuko wapi. Alisema hajawahi kukanyaga ziwa maisha yake yote, na sasa ataugua kichefuchefu cha mawimbi akiwa kwake. Tangu siku hiyo, akitaka kujisaidia alikuwa akisema, naenda Kisumu. Mimi nilipaswa kujibu, safari njema, mzee.

Nilikifunga nyuma ya pazia, hatua mbili kutoka kitandani, na nikamwekea chuma cha kushikia. Hitilafu ya kwanza ilikuwa yangu. Nililiweka pipa la maji juu, kama tangi la nyumba, na asubuhi tukakuta bakuli limefurika na sakafu imelowa. Ulinijibu kwamba hivyo ndivyo boti zinavyozama, kwamba pampu hii imezoea kuvuta maji kutoka chini, na kwamba vali ya kuingiza maji lazima ifungwe kila baada ya matumizi. Nikalishusha pipa. Tarehe 6 Machi pampu ikawa inavuta hewa. Nilipaka povu la sabuni kwenye viungo vya mpira, nikaona panapotoa mapovu, nikakaza. Tarehe 19 mkono wa pampu ukawa mgumu, nikautia mafuta ya kupikia kama ulivyoniagiza. Mwezi wa Aprili maji machafu yakaanza kurudi kwenye bakuli, ukanitumia ule mpira mpya wenye mdomo kama wa bata, unaoruhusu uchafu kwenda na kuuzuia kurudi. Baada ya hapo kilifanya kazi vizuri: mapigo kumi ya maji, mapigo kumi makavu ya kusafisha bomba, basi.

Mapigo hayo ishirini Baba hakuyaweza. Mkono wa kushoto ulimchoka kwenye la tatu. Lakini mimi nilikuwa shifti ya usiku kiwandani, mchana niko nyumbani, kwa hiyo nilimpigia mimi.

Tarehe 2 Mei nilihamishiwa shifti ya mchana. Kiwanda kilikuwa kinasaga miwa bila kusimama, na niliambiwa nikishika vizuri pampu za juisi mchana, nitafanywa msimamizi. Nilimwagiza Khalayi awe anampigia Baba pampu. Akaniambia kwa upole kwamba hawezi kuingia pale. Nilijua sababu. Wewe pia unaijua: kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawatumii choo kimoja, na hata wakikutana kwenye njia ya chooni mmoja atajifanya amesahau kitu arudi. Mimi nilimjibu kwamba kile si choo, ni pampu. Nilimwambia uchafu unapita ndani ya bomba, hauoni, haugusi, na kwamba mimi nimesoma fizikia na yeye hakusoma. Akatii. Alikuwa akijifunika uso kwa leso, anagonga ukuta, Baba anageukia upande wa pili, ndipo anaingia kupiga yale mapigo ishirini.

Wiki moja baadaye Baba aliniambia choo kimeharibika. Nilikifungua chote, nikapanga vipande juu ya gazeti, nikavikagua kimoja kimoja, nikavirudisha. Kilikuwa kizima. Siku ya pili akasema tena kimeharibika. Nilikifungua mara sita, Were. Shajara ina mistari sita inayosema: Hitilafu, hakuna. Ndipo nikakuandikia kwamba pampu inasumbua, nawe ukatuma mpira mwingine. Katika siku hizo hizo Khalayi alinieleza kwamba Baba anaurudisha uji wa asubuhi, na maji hagusi. Jioni nikifika ndipo alikuwa akimega obusuma kidogo, tonge mbili tatu za ugali. Hakusema tena anaenda Kisumu. Nilidhani ni ugonjwa.

Sasa nakuja kwenye neno ambalo sikulisema kaburini.

Jumatano, tarehe 21 Juni, pampu iligoma kweli. Nilipofungua bomba la kutolea uchafu nilikuta gunzi la mahindi limesukumwa ndani kwa nguvu. Hakuna mtoto aliyeingia mle. Nilimtazama Baba, naye alinitazama bila kukwepa. Aliniambia kwamba mimi ni fundi mzuri, lakini kwa mwezi mzima nimekuwa nikiitibu mashine ilhali mgonjwa ni yeye. Alisema kila akimsikia mke wangu akipiga yale mapigo anayahesabu, na hata kabla ya kumi anatamani angekwisha kufa. Alisema huyo ni binti wa watu, alikuja hapa wapate kuheshimiana, na sasa heshima yao mimi naipitisha bombani. Hakuniomba nimbebe. Aliniomba jambo moja tu, nirudi shifti ya usiku ili mchana niwepo. Nilimwahidi kwamba kesho yake nitaomba.

Sikuomba. Jina langu lilikuwa limekwisha pelekwa ofisini, nikaogopa kulirudisha nyuma. Kila jioni alinitazama usoni nikiingia, nami nikamwambia bado wanafikiria. Katika shajara ya tarehe 21 niliandika: Hitilafu, gunzi. Limeondolewa.

Tarehe 4 Julai, mchana wa mvua, Khalayi akiwa kisimani, Baba alijiburuta nje akapita katikati ya miwa kwenda kwenye choo cha zamani. Nilipotoka kazini saa kumi na moja nilimkuta kwenye mstari wa saba, tope hadi kifuani. Siku tatu baadaye kifua kilimshinda, akafariki. Nawe ulipokuja mazishini ukasimama mbele ya watu ukasema umemletea baba yako chuma kilichokufa, watu wakatikisa vichwa kwa huruma, na mimi mwenye kujua nikainama kama ninayelia. Nililia pia, lakini nilikuwa najificha.

Jioni ya mazishi, ulipokwisha kuondoka, niliingia nyuma ya pazia. Nilifungua vali, nikapiga mapigo kumi ya maji na kumi makavu. Bakuli lilibaki safi kabisa.

Ndugu yangu, uliyoyatuma kwa mikono yako yote yalikuwa mazima. Shika spana yako. Barua nyingine nimemwandikia Shangazi Milcah, ili asome mwenyewe mbele ya ukoo, kwa kuwa uliaibika mbele ya watu na haifai usafishwe kwa siri. Usimsamehe mtu kwa haraka kwa sababu ni ndugu yako. Lakini ibada ni Jumamosi, tarehe 16 Septemba, na ukija utasimama upande wa kichwa, mahali pa mwana mkubwa. Mimi nitasimama utakaponiambia.

Khalayi anakusalimu sana. Yeye hana hatia, alitii tu, na bado akipita karibu na nyumba ile hujifunika uso. Watoto wanamsalimu baba yao mkubwa. Wasalimie jirani zako wote wanaotujua, na Mungu akulinde hapo ziwani.

Nimekata ukurasa wa tarehe 21 Juni na kuutia humu, pamoja na gunzi.

Ni mimi mdogo wako,
Erastus Shikanga