Bluberi za Ibadakuli

Jumamosi, 8 Machi

Nimehamisha tena ndoo. Asubuhi zilikuwa ukutani upande wa jikoni, mchana nikazipeleka chini ya neti ya kivuli, sasa nimezirudisha ukutani. Kiuno chaniuma. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake anachambua mchicha, akanitazama nikizunguka uwanja mzima na ndoo za rangi. Akarudi kwenye mchicha wake. Afadhali.

Miche ni minne. Imefika kwa basi kutoka Njombe. Kaka aliifunga kwenye boksi la biskuti na gunia la majani ya paini juu yake. Nilipofungua gunia pale stendi, harufu ya kwetu ikanipanda puani nikaanza kulia mbele za watu. Mpiga debe akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, aniache.

Jumapili, 9 Machi

Niandike maneno ya yule muuza miche wa Njombe, aliyoniambia kwa simu, kabla sijasahau. Bluberi ziko za aina mbili. Kuna zinazotaka baridi kali, bila baridi hazitoi hata ua. Na kuna zinazovumilia joto. Akaniuliza napanda wapi. Nikasema Ibadakuli, Shinyanga. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema chukua zinazovumilia joto, zote nne.

Sikumsikiliza. Nimechukua mbili za joto na mbili za baridi, zilezile anazolima kaka kule ukunguni. Roho ilitaka.

Udongo uwe mchachu. Huu wa hapa ni wa chokaa, kwa hiyo usiguse mizizi kabisa. Ndani ya ndoo ni majani ya paini, maranda ya fundi seremala na udongo kidogo wa kaka. Maji ya mvua tu. Samadi ya ng'ombe marufuku. Na maua ya mwaka wa kwanza yakatwe yote, mti ushike mizizi, uzae mwaka wa pili.

Mwaka wa pili! Nani atakuwepo? Mimi nataka kuonja mwaka huu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempigia Baba Neema. Yuko Segese, fundi wa pampu za wachimbaji, nyumbani tunamwona mwezi mara moja, na akija analala kutwa. Nimemwambia waziwazi. Miaka sita nimekaa hapa na mama yako, navumilia vumbi na joto, usiku nawaza ukungu wa kwetu. Dada ana kibanda cha kushonea Makambako, ananishikia nafasi. Bluberi zikishika hapa na kutoa maua, na mimi nashika. Zikikauka, nabeba mtoto na cherehani, naenda.

Akacheka. Akadhani natania. Sijatania hata kidogo. Nilikuwa napiga kelele uani, kuku wakakimbia.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua nzuri. Simtanki limejaa. Miche yote imechipua majani mapya, mekundu kidogo kwenye ncha. Nimeamka mara kadhaa kuitazama. Nimeshona sketi ya jirani upande mmoja mrefu upande mmoja mfupi. Akili haipo kwenye cherehani.

Mama mkwe amekuja kusimama karibu. Akauliza matunda yake yanafananaje. Nikamwambia madogo, ya bluu iliyokolea. Akasema kama fulu za porini? Nikasema tamu kuliko fulu. Akaguna. Hajawahi kuona, ila nadhani alitaka kuendelea kuongea. Nikaingia ndani. Sijui kwa nini nafanya hivi.

Alhamisi, 24 Aprili

Zile za baridi zimeanza kunyauka. Majani yanakauka pembeni, yanajikunja. Nimezisogeza kivulini, nikazinyunyizia maji majani, nikaweka kitambaa kibichi juu kama mgonjwa wa homa. Wapi.

Ndege imepita chini asubuhi ikienda kutua. Nikaitazama mpaka shingo ikauma.

Jumanne, 6 Mei

Mmoja wa baridi umekufa. Wa pili ni kijiti tu. Muuza miche alinicheka kwa haki.

Mvua imekwisha na tanki linashuka. Maji ya kisima ndiyo hayo ya chokaa, sufuria linaota magamba meupe. Nimempigia muuza miche, akasema tia siki kidogo kwenye maji ya kisima kabla ya kumwagilia. Nimenunua siki dukani. Mama mkwe akanusa ndoo ya maji, akashika pua. "Mti unaunywesha siki, Mama Neema?" Nikasema ndiyo mama, ndiyo dawa yake. Akanitazama kama natia sumu kisimani.

Jumatano, 14 Mei

Kuna kitu hakiendi. Zile mbili za joto, zilizokuwa na afya, majani yanageuka manjano. Mishipa inabaki ya kijani, katikati manjano. Kaka anasema ni uchachu umepungua. Utapunguaje wakati natia siki kila siku?

Nimeongeza siki. Nimeongeza majani ya paini. Bado manjano.

Nimeanza kumfikiria Mama Pendo wa nyumba ya pili. Alikuja juzi akasifia sana. Akasifia kupita kiasi. Najua ni ujinga. Lakini nimeanza kufunga geti.

Jumamosi, 24 Mei

Dada amepiga simu. Kuna mtu mwingine anakitaka kile kibanda. Niseme ndiyo au hapana. Nikamwambia anipe muda. Akasema muda wa nini, si ulishaamua? Nikamwambia nasubiri majani. Akakata simu.

Nimefua mapazia yote. Nimefua na yaliyokuwa masafi.

Jumatatu, 2 Juni

Nimemkamata.

Niliamka mapema kuliko kawaida, usingizi hauji siku hizi. Nikachungulia dirishani. Mama mkwe ameinama kwenye ndoo zangu na bakuli la majivu ya jikoni, ananyunyiza taratibu kuzunguka shina, kisha anafunika na maranda juu ili yasionekane. Majivu! Mimi natia uchachu mchana, yeye anauua alfajiri. Ndiyo maana. Wiki zote hizi.

Nikatoka na gauni la kulalia. Nikamwambia maneno. Nikamwambia mama unaniulia miti yangu kusudi, unataka nioze hapa na wewe. Nikasema yote, na mengine hayamhusu hata yeye, yanamhusu mwanawe. Akasimama na bakuli lake. Akasema, "Mchwa, Mama Neema. Hapa mti bila majivu unaliwa na mchwa." Basi.

Ni kweli, huku kila mtu anatia majivu. Kwenye mihogo, kwenye michungwa, kwenye nguzo za zizi. Lakini angeuliza! Sikugusa cherehani mpaka saa nne.

Jumanne, 3 Juni

Ameondoka. Kachukua mfuko wake mdogo na kigoda. Kaenda kwa binti yake, huko machimboni Mwakitolyo. Hakuaga. Alimwachia Neema uji mezani, umefunikwa na sahani.

Nimemwaga udongo wote wa zile ndoo mbili. Nimeosha mizizi kwa maji ya mvua yaliyobaki. Nimepanda upya kwa majani ya mwisho ya paini. Mikono yangu inanuka kwetu. Sikufurahi.

Jumatano, 4 Juni

Baba Neema kapiga simu kwa hasira. "Umemfukuza mama yangu kwa ajili ya kijiti?" Nikamwambia sikumfukuza, alijiondoa. Nikamwambia pia njoo ukae nyumbani siku moja uone. Tumetukanana kwa adabu, kama tunavyofanya.

Nyumba kimya. Kumbe mama alikuwa akikohoa asubuhi na mimi nilikuwa naijua saa kwa kile kikohozi.

Jumamosi, 7 Juni

Nimekwenda Mwakitolyo.

Vumbi jekundu, karasha za kusaga mawe zinapiga kelele, wanaapolo wanaoshuka mashimoni wamejaa njiani na tochi zao kichwani ingawa ni mchana. Wifi anauza chakula kwa wachimbaji. Nimemkuta mama nyuma ya kibanda anaosha masufuria. Mama wa umri ule, anaosha masufuria ya watu. Hasira zikanipanda, safari hii juu yangu mwenyewe.

Nikapiga goti. Shikamoo mama. Marahaba. Nikampa kitenge nilichomshonea usiku, mishono haijanyooka.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kuhusu majivu. Akaendelea kusugua sufuria. Kisha akasema, nanukuu vilevile maana sitaki nisahau: "Nilikusikia uani ukimwambia mwanangu. Ukasema vile vijiti vikikauka unaondoka na Neema. Sasa mimi ningekaa natazama mchwa wavile?"

Miezi mitatu. Mimi nawaza kwamba ananitazama nikihangaika tu, kumbe kila alfajiri anahangaika na yeye, kwa kitu anachokijua. Nimelia kama pale stendi. Wifi akaja na ndoo ya maji, akatuona, akarudi.

Nikamwambia twende nyumbani mama. Akasema, gete, kweli twende, ngoja nimalizie sufuria hili.

Jumapili, 8 Juni

Ameamka akakohoa. Nimesikia kutoka kitandani, nikalala tena kidogo.

Nimemweleza habari ya uchachu. Nimemwekea siki kwenye kijiko akaonja, akakunja uso. Akasema kumbe mti wenyewe mkali hivi. Kuhusu mchwa tumekubaliana ndoo zikae juu ya matofali na majivu tutayamwaga chini kuzunguka matofali, mbali na mizizi. Hilo ni wazo lake. Mimi sikulifikiria.

Jumamosi, 21 Juni

Baridi kidogo asubuhi, mama kajifunga blanketi anasema anakufa. Mimi nimetembea na gauni la mikono mifupi kama malkia. Nimemcheka. Kanicheka na yeye, eti watu wa Njombe damu yetu ya chura.

Majani mapya yametoka kwenye mmoja, ya kijani kweli. Wa pili bado una manjano. Nautazama kila saa, kazi za watu zinalala.

Jumapili, 20 Julai

Wa pili wa joto umekufa. Niliutoa, mizizi ilikuwa imeoza. Umebaki mmoja kati ya minne.

Dada kapiga tena. Anataka jibu ndani ya mwezi. Mama alikuwa karibu, akasikia, akainuka akaenda kuwapa kuku chakula. Kuku walikuwa wameshakula.

Sijalala vizuri. Nawaza Makambako, nawaza huku, nageuka kitandani. Nachukia kukaa kati. Nataka mti unijibu na mti haujui hata kwamba umeulizwa.

Jumatano, 6 Agosti

Umetoa maua!

Mama ndiye aliyeona. Kaniita kwa sauti nikadhani nyoka. Shada dogo la vikengele vyeupe, vimeinama chini, vina rangi ya waridi kidogo mdomoni. Mama kashika kiuno, kachezesha mabega, kaimba Kisukuma. Neema akarukaruka bila kujua ni kwa nini. Mama akaniambia, "Umetoa, Mama Neema. Ulisema ukitoa." Kisha akaziba mdomo kwa kiganja, kama kaogopa kuliharibu neno.

Nimempigia muuza miche. Kanipongeza. Akarudia yaleyale: huo umeumwa sana, maua yatoe yote. Ukiyaacha yazae mwaka huu utapata vitunda viwili vitatu, na mti wenyewe sijui kama utavuka kiangazi.

Viwili vitatu. Ndivyo nilivyokuwa navitaka.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya kanisani nimekaa uani na mkasi wa kukatia nyuzi. Upepo mdogo. Nimekata maua moja moja, nikayaweka kwenye kisahani.

Mama akaja na kigoda. Akaona, akashtuka, akanishika mkono. "Mayu, mama wee! Unakata tena?"

Nikamwambia mwaka huu hatuuzalishi. Tunauacha ushike mizizi. Utazaa mwakani.

"Mwakani," akasema.

"Mwakani, mama."

Hakuniachia mkono kwa muda. Kisha akakaa, akachukua kisahani, akaanza kuyanusa maua, akasema hayanuki kitu. Kweli hayanuki.

Jioni nimempigia dada, nimemwambia kibanda ampe huyo mtu. Alisonya, kisha akaniuliza hali ya mtoto. Tumekula ugali na mlenda. Ndoo ipo palepale juu ya matofali, sijaisogeza.